Canter ya mchanga na usukani uliolegea

Jumamosi, Chake Chake, Pemba

Kila nikimaliza kazi ya gari nasahau nilifunga nini na wapi, na mwaka ukizunguka naanza upya kama mgeni. Safari hii naandika.

Gari ni Mitsubishi Canter ya zamani, injini 4D33, tairi 7.00-16, mbele ina ekseli ya boriti moja iliyolala juu ya springi za majani. Inabeba mchanga, matofali na kokoto. Msimu wa karafuu ukiingia tunaiosha bodi, tunatandika majamvi, tunabeba magunia ya karafuu na makonyo (vikonyo vya karafuu) ya kupeleka kiwandani Wawi. Ndiyo maana nina haraka. Masika yamekwisha, njia za mashamba zimebaki mashimo, na karafuu haiko mbali.

Juzi natoka Mkoani na saruji. Tumeshapita Mtambile, mwendo kama 50, tairi ya kushoto ikaingia shimoni. Shimo la kawaida tu. Usukani ukaanza kunitetemeka mikononi, na haukuacha. Niliachia mafuta, nikashika breki kidogo kidogo, ukaacha pale gari ilipokaribia kusimama kabisa. Utingo wangu, ambaye siku zote hanyamazi, alinyamaza mpaka Chake. Tulipofika akasema, "Kaka, mie kesho naumwa."

Sio kwamba sikuwa na habari. Gari ilikuwa ikitangatanga barabarani tangu zamani, nakata kulia inafikiri kwanza ndipo inakwenda. Tairi zote mbili za mbele zimeliwa upande wa ndani. Miezi mitatu nyuma nilimpelekea fundi mmoja, akapanda juu ya steringi boksi, lile sanduku la meno linalopokea mzunguko wa usukani, akakaza ile skrubu ya kubana meno, dakika kumi, elfu ishirini. Siku mbili nikafurahi. Siku ya tatu usukani ukawa mzito katikati, na ukitoka kona haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa mkono. Nikamrudia, akasema boksi imekufa, nitafute nyingine ya mtumba, laki sita na nusu.

Mimi nina laki nne na nusu. Hizo zimetoka kwenye pesa za skuli, na mama watoto ameshanihesabia siku.

Jumapili

Nimekwenda kwa mzee mmoja, gereji yake iko chini ya mwembe Machomane. Vijana wote wanamwita Ami, na mimi pia. Nilimweleza habari ya boksi. Akaniuliza, "Umeitazama miguu?", yaani vile vyuma vya mbele vinavyoshika magurudumu. Nikasema sijatazama. "Basi boksi umeijuaje?"

Kabla ya kushika spana alipima. Alifunga kipande cha waya kwenye dashibodi, ncha yake ikagusa ukingo wa usukani. Injini ikiwa imewaka, maana hii ina pawa steringi na ukipima injini imezimwa unadanganywa, alizungusha taratibu kushoto mpaka tairi ikaanza kusogea, akatia alama ya chaki, kisha kulia hivyo hivyo. Kutoka alama hadi alama: sentimita 9 kwenye ukingo wa usukani. Upana wa kiganja na kidole gumba juu yake, na tairi bado hazijui kama umeamka.

Kisha akanilaza mimi chini ya gari, utingo akakaa kwenye usukani (homa ilishapona), tairi zikiwa chini zimebeba uzito. Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Mimi siku zote nilikuwa nainua gari kwanza halafu natikisa. Ami anasema ukiinua, viungo vinalegea vyote sawa na huoni kipi mwizi. Tairi zikiwa ardhini zinakataa kugeuka, basi nguvu yote inapita kwenye viungo, na kilicholika kinajionesha. Utingo alipeleka usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, harakaharaka, na mimi nikafuata njia ya nguvu kutoka juu kwenda chini, mkono mmoja umeshika kila kiungo.

Krosi, kiungo cha mhimili wa usukani: nzima. Boliti nne zinazoifunga boksi kwenye chesisi: moja imelegea, kutu ya chumvi imekula washa yake. Ukiitazama boksi vizuri ilikuwa inahema, inasogea pamoja na usukani kama milimita moja. Mkono wa pitmani, ule mfupi unaotoka kwenye boksi: mzima. Draglinki, ule mkono mrefu unaotoka kwa pitmani kwenda gurudumu la kulia: mwisho wa mbele, mpira wake wa chuma ulikuwa unapanda na kushuka ndani ya nyumba yake kama mchi kwenye kinu. Niliuona kwa macho, sikuhitaji hata kushika. Tairodi, ule unaounganisha gurudumu mbili nyuma ya ekseli: endi ya kushoto, yaani kiungo cha mpira cha mwisho wake, inacheza, ya kulia inacheza kidogo.

Kwenye nati ya endi ya kushoto palipotakiwa kuwa na kota pini, kile kijipini cha kuzuia nati isijifungue, palikuwa na msumari. Msumari wa mbao, umekunjwa. Sijui nani aliuweka na afadhali nisijue.

Boksi sasa. Ami alishika mhimili unaoingia kwenye boksi kwa juu, mimi nikaushika mkono wa pitmani chini. Alipogeuza, wangu ukaondoka palepale. Hakuna kungoja. "Mlitaka kumzika huyu," akasema, "na yuko hai."

Baada ya hapo ndipo tukainua. Jeki chini ya boriti, magogo mawili ya mnazi chini ya chesisi. Ami akamwambia utingo ashike tairi saa sita na saa kumi na mbili, atikise juu kwa chini. Utingo akaweka mkono mmoja juu, akasita, akauliza, "Saa sita ya juu au sita ya chini?" Swali la haki kabisa. Kwenye uso wa saa tarakimu ya 6 iko chini, lakini saa yetu ya sita mshale uko juu. Tukakubaliana iwe "juu na chini" na tuachane na saa.

Tairi ya kushoto ilicheza sana. Hapo kuna watuhumiwa wawili, beringi za habu (kitovu cha gurudumu) au kingipini (pini ambayo mguu unaizunguka), na kuwatenganisha hakuhitaji pesa: mtu akanyage breki mpaka chini wakati mwingine anatikisa. Breki inalifunga gurudumu na mguu kuwa kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini. Wa kwetu ulipungua kidogo na mwingi ukabaki. Maana yake vyote viwili, ila kingipini ndiyo mwenye deni kubwa. Kulia: kingipini inacheza, beringi nzima. Mwisho akatia mtaimbo chini ya tairi akainyanyua. Mguu ukapanda na kushuka juu ya boriti kwa sauti, tok, tok. Beringi ya chini ya kingipini, ile bapa inayobeba uzito, imekwisha.

Nilimuuliza mbona mtetemo haukuja siku zote. Akasema gurudumu lililolegea pande zote linangoja mtu wa kulichokoza. Shimo moja linalisukuma, kingipini iliyolika inaliacha likimbie, tairodi iliyolika inampelekea mwenzake salamu, mwenzake anarudisha. Wakishaanza hawaachi mpaka mwendo ushuke.

Jumatatu

Hesabu. Nimeandika nyuma ya kalenda:

Kingipini seti ya miguu miwili, 95,000. Tairodi endi mbili, 70,000. Draglinki nzima, 110,000, maana hii yangu mwisho mmoja hautoki, umesubuliwa pamoja na mkono. Grisi, kota pini na washa, 15,000. Mkerezaji wa bushi (pete pana za ndani ya miguu), 40,000. Ami, 80,000, na hapo kanionea huruma. Nauli ya mzigo, 10,000. Jumla 420,000.

Kijana mmoja wa kuchomelea alikuja na rai yake: mpira wa draglinki tuujaze kwa weldingi, tuusugue kwa jiwe uwe duara, elfu kumi na tano. Ami alimjibu kwa upole kuliko nilivyotegemea. Chuma cha usukani kimepikwa kiwandani kiwe kigumu nje na kivumilivu ndani. Ukikichoma upya unaharibu upishi ule, na siku kitakapokatika hakikuiti kwanza. Beringi ikifa inalia wiki nzima, springi ikikatika gari inainama. Draglinki ikikatika usukani unazunguka bure, kama wa gari ya watoto.

Kwa hiyo mkato wangu wa gharama hauko hapo. Uko kwingine: tairi za mbele sinunui, nitazihamishia nyuma, za nyuma zije mbele. Beringi za habu sinunui, zimelegea tu, njia zake safi, zitafungwa upya. Boksi sinunui. Nilitamani pia kununua endi za mtumba, zilizotolewa kwenye gari zilizokatwakatwa. Kwa boksi, mtumba nakubali, unaweza kuishika na kuipima mezani. Kwa kiungo cha mpira, unanunua uchakavu wa mtu mwingine na nauli juu.

Jumatano

Hapa Chake nimepata endi na grisi. Kingipini na draglinki hakuna, au zipo kwa bei ya arusi. Nimempigia shemeji yangu Unguja, naye kamwagiza mtu anayekwenda Kariakoo. Mzigo utapanda boti Dar, ushuke Malindi, bandari ya Unguja, upande tena kuja Mkoani. Nimemwambia "kingipini ya Canter". Hilo ndilo kosa langu, litakuja kuonekana.

Ijumaa

Nusu siku. Tumefungua gurudumu, habu na ngoma za breki. Tukaenda msikitini. Tuliporudi mvua.

Jumamosi ya pili mpaka Jumanne

Kingipini haitoki.

Kwa asiyeijua: kingipini ni pini nene ya wima inayopita kwenye tundu la mwisho wa boriti, na mguu wa gurudumu unaikumbatia juu na chini kwa bushi mbili. Mguu unageuka kuizunguka pini, pini yenyewe haigeuki, imefungwa kwenye boriti kwa kijipini chembamba cha mshazari kinachoingia kwa ubavu. Kama grisi inapigwa kila wiki, kazi hii ni ya saa mbili. Kama gari imebeba mchanga wa pwani miaka minane na mwenye gari (mimi) akikumbuka grisi pale anapokumbuka, pini na boriti vinafunga ndoa.

Kijipini cha ubavu kilitoka siku ya kwanza. Tuliilegeza nati yake bila kuitoa, ikabaki juu ya ncha kulinda njia (mikato ya skrubu), tukapiga. Mara tatu kikatoka. Vifuniko vya juu na chini vikatoka. Pini kubwa ikakaa.

Siku ya kwanza nyundo ya ratili kumi na nne. Hakuna kitu, ila kichwa cha pini kimeanza kuchanua kama uyoga, na ukiendelea hapo kinanenepa na ndiyo hakipiti tena. Tukaacha. Siku ya pili tukaitia dizeli juu na chini, tukaiacha ilale. Mpita njia akashauri gesi, tuchome boriti mpaka iwe nyekundu, itatanuka. Ami akakataa kwa sababu ileile ya draglinki: boriti nayo imepikwa.

Siku ya tatu alitengeneza mashine yake. Mnyororo mzito umezunguka boriti kwa juu, chini yake jeki ya chupa ya tani 20, kati ya jeki na pini kipande cha chuma kinene kuliko nilivyoona, kilichotoka kwenye ekseli ya trekta. Jeki inasukuma pini kwa chini, mnyororo unazuia. Akapampu mpaka mnyororo ukaimba. Akatufukuza sote. "Huu ukikatika hauchagui." Akasimama kwa ubavu, nyuma ya tairi ya gari nyingine, akagonga boriti kwa pembeni kwa nyundo ndogo, mara moja, mara mbili. Hakuna. Akaiacha na mzigo wake, tukaenda kula mihogo.

Tuko kwenye chai ya pili tukasikia mlio kama bunduki. Kuku wa jirani walitawanyika. Tulipofika, jeki imelala ubavu na pini imetoka nusu inchi. Nusu inchi hiyo nilitaka kuibusu. Ya kulia ilitoka siku ya Jumanne kwa njia hiyohiyo, kwa adabu zaidi.

Tulisafisha matundu ya boriti kwa msasa na dizeli. Ami alitia kidole akazungusha muda mrefu, kimya, na mimi nikawa sipumui, maana kama tundu lenyewe la boriti limekuwa yai, hapo hakuna hesabu tena. Halikuwa yai. Pini ililika pale ilipokuwa ndani ya bushi, hasa bushi ya chini, ambako ukucha ulikuwa unakwama kwenye ngazi. Bushi zenyewe za upande wa kushoto, moja ilikuwa nyembamba kama ganda la karanga.

Tundu la grisi la bushi ya chini kushoto halikuwa limekaa sawa na tundu la mguu. Aliyeifunga zamani aliipiga ikiwa imegeuka. Miaka yote hiyo nilikuwa napiga grisi ukutani. Pampu inakuwa ngumu, nadhani imejaa, kumbe haipiti. Hili liliniuma kuliko pesa.

Jumatano

Mzigo umefika Mkoani. Draglinki sawasawa, urefu uleule, mipira migumu. Kingipini si yenyewe. Yangu nikiipima kwa venia, kile kipimo cha kubana, ya kuazima ni milimita 28 sehemu isiyolika. Iliyokuja ni 25. Canter ni jina tu, zipo za tani mbili na za tani tatu na nusu, na kingipini zake hazifanani. Muuza duka hakukosea, alipewa jina akatoa jina.

Kuirudisha na kuletewa nyingine: 12,000 nyingine na siku tano. Safari hii nilituma picha tatu: pini kando ya rula, venia ikiwa imesimama kwenye kipimo, na kibati cha chesisi. Utingo akasema angalikuwa yeye angalifanya hivyo tangu mwanzo. Huyo ndiye wa saa sita ya chini.

Siku tano hizo sikukaa bure. Nilifungua ile boliti ya boksi iliyolegea, nikasugua kutu, nikatia washa nene na nati mpya, nyingine tatu nikazikaza. Nilipaka rangi boriti. Nilikwenda Wete kwa daladala kudai pesa ya matofali ya mwaka jana, sikupata pesa, nilipata chungwa.

Jumanne, mkerezaji

Seti sahihi imekuja. Pini mbili, bushi nne, beringi bapa mbili, vijipini vya ubavu, vifuniko, na shimu, vibati vyembamba vya kujaza nafasi, za unene mbalimbali kwenye kikaratasi. Kikaratasi hicho mtu mwenye haraka hukitupa.

Bushi mpya zikishapigwa ndani ya mguu zinabanwa, tundu linapungua, pini haiingii. Lazima zitanuliwe kwa rima, ile patasi ya mduara yenye meno marefu, ipite bushi ya juu na ya chini kwa pamoja ili matundu mawili yawe kwenye mstari mmoja. Nimewahi kuona mtu anazisugua kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Pini inaingia, ndiyo, lakini inagusa hapa na pale, na miezi miwili uko palepale.

Nilibeba miguu yote miwili kwa toroli mpaka karakana ya kukereza. Kabla ya kupigwa kila bushi nilisimama pale nikaonesha kwa kidole: tundu la bushi, tundu la mguu. Mkerezaji alinitazama kama mama mkwe aliyeingia jikoni. Sikujali. Tulipomaliza tulipuliza hewa kwenye chuchu za grisi, zote nne zikatoa pumzi upande wa pili.

Kipimo chake kilikuwa hiki: pini kavu, safi, iingie kwa kusukumwa na kiganja, isidondoke yenyewe.

Jumatano na Alhamisi, kufunga

Beringi bapa inakaa chini, kati ya boriti na sikio la chini la mguu, upande wake wenye kifuniko ukitazama juu ili maji na mchanga visiingie. Kifuniko kikitazama chini unakuwa umetengeneza kikombe. Shimu zinakaa juu. Tulijaribu moja, mguu ukapanda na kushuka, nafasi unaiona. Tukajaribu nene zaidi, mguu ukakataa kugeuka kwa mkono. Tukarudi kati. Kazi ya kutoa na kutia, kutoa na kutia, na kila mara unanyanyua mguu wenye uzito wa mbuzi mzima.

Grisi tulipiga gari ikiwa imeinuliwa, na hii nilikuwa sijui. Tairi zikiwa chini, uzito unaikaba beringi bapa na grisi haipati njia. Ukiinua, inaachia, inaingia. Tulipiga mpaka ya zamani, nyeusi na kokoto zake, ikatoka na mpya ikafuata.

Beringi za habu: tulikaza nati huku tukizungusha gurudumu ili zikae, tukailegeza kidogo, tukaifunga. Bure.

Tairodi endi za zamani zilitoka kwa nyundo mbili. Ukiipiga ncha ya njia unaiharibu na haitoki. Unashika nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, unapiga upande wa pili kwa nyingine, jicho linashtuka, endi inadondoka. Kabla ya kuzifungua kwenye bomba nilihesabu mizunguko, kushoto kumi na tisa, kulia kumi na minane, moja njia ya kushoto na moja ya kulia. Mpya zikaingia kwa idadi ileile ili tuanzie karibu na tulipokuwa. Nati za taji zikikazwa, kama tundu la kota pini halilingani unaongeza kukaza mpaka lilingane, hurudishi nyuma. Msumari nimeuhifadhi kwenye droo.

Ijumaa asubuhi, kamba na chaki

Wili alaimenti ya mashine tungeilipia na kuitafuta. Ami ana tepu na msumari.

Gari mahali bapa, tairi zina upepo sawa, usukani umenyooka. Tuliinua mbele, tukazungusha kila tairi huku msumari umeegemezwa kwenye kipande cha ubao ukichora mstari mwembamba katikati. Tukaishusha, tukaisukuma mbele kidogo ili mguu ukae. Kisha alama kwenye mistari, mbele ya tairi, urefu wa kitovu cha habu, tukapima kutoka alama hadi alama. Tukaisukuma gari mbele nusu mzunguko mpaka alama zilezile zikafika nyuma, tukapima tena. Mbele ilikuwa pana kuliko nyuma kwa milimita 6. Tairi zilikuwa zinatazamana kwa visigino, vidole vinakimbiana. Ndiyo maana zililiwa kwa ndani.

Tulilegeza klampu, tukazungusha bomba robo robo, tukarudia kipimo chote. Mara nne. Tulilenga mbele iwe nyembamba kwa milimita 2 na tukaipata muda mfupi kabla ya adhana.

Jumamosi, boksi

Kazi ya mwisho ilikuwa kurekebisha alichofanya yule wa miezi mitatu nyuma.

Draglinki tukaichomoa tena kwa pitmani ili boksi iwe peke yake. Ami akazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho akihesabu, akagawa kwa mbili, akausimamisha katikati kabisa. Ndani ya boksi, akasema, meno yametengenezwa yabane zaidi kidogo pale katikati, ambapo gari inakwenda moja kwa moja. Ukikaza skrubu wakati usukani umekatwa pembeni, unahisi mlegeo, unaongeza, na ukirudi katikati meno yanasagana. Ndiyo uzito wangu ule.

Akalegeza nati ya nje, akarudisha skrubu mpaka usukani ukazunguka bila kukwama popote, kisha akarudi kwa vidole, sio kwa nguvu, mpaka pale katikati ukaanza kuhisi mguso mdogo tu. Akafunga. Waya kwenye dashibodi, chaki, injini inawaka: sentimita 3. Skrubu imelegezwa na mchezo umepungua kutoka 9.

Tukaijaribu. Kwanza tupu mpaka Gombani na kurudi, halafu na mchanga nusu. Ile kona ya mteremko nilikata, nikaachia usukani, ukarudi wenyewe mikononi mwangu. Shimo nililitafuta kwa makusudi. Tairi ikaingia, ikatoka, basi. Utingo akasema tulirudie.

Jumla: 432,000. Zimebaki kumi na nane, nimenunua pampu ya grisi ya mtumba.

Wiki nne baadaye

Nimeinua, nimetikisa juu na chini: kimya. Kota pini zote ziko. Endi ya kulia mpira wake wa vumbi umepasuka kidogo. Nilitaka kuufunga kwa kipande cha tyubu, Ami akasema tyubu inashika maji ndani kuliko kuyazuia, niagize mpira wake. Nimeagiza, na picha nimetuma, na rula pembeni.

Boliti ya boksi ilihitaji robo mzunguko. Grisi nimepiga chuchu nne, gari juu. Kesho tunaosha bodi.